Shada la Evaristi

Tangu asubuhi nilikuwa nimetoa kila kitu kwenye tranka mara tatu, na mara tatu nimekirudisha. Pasi ya mkaa ya mama. Jembe la chuma cha malungu, tanuru za kale za Wafipa, aliloachiwa babu kabla majembe ya dukani hayajapanda Ufipa. Redio ya mbao ambayo haijasema neno tangu mwaka sabini na tisa. Kikombe cha bati chenye tundu, ambacho mwenye nacho alinywea uji wa mwisho nyumbani kwake siku walipomwambia abomoe ahamie kwenye mstari wa nyumba za kijiji cha ujamaa. Watu wa hapa Chanji, Sumbawanga mjini, wakipita mlangoni husema Adriano anafuga takataka. Waseme. Kila kilichomo humu nakijua kilitoka mkononi mwa nani, na huyo nani alifanyiwa nini.

Zilizokosekana ni karatasi nne za fuluskepu.

Mwaka sabini na moja, kijijini kwetu, njia ya kwenda Ilemba, kaya thelathini na mbili zilijenga ghala la mahindi. Hakuna aliyewasaidia. Walifyatua tofali wenyewe, wakachoma wenyewe, wakaezeka wenyewe. Evaristi, karani wao, aliandika majina, moja kila mstari, na kando ya kila jina mwenye jina akabonyeza dole gumba lenye wino wa zambarau. Kabla hajafa alinikabidhi karatasi zile. Alisema, "Wewe umesahau kusahau. Kaa nazo." Nikakaa nazo miaka kumi na tisa.

Sasa ofisi ya kijiji ilikuwa inasema ghala ni la serikali tangu msingi, kwa hiyo linaweza kukabidhiwa mnunuzi wa mahindi atie kufuli lake. Mkutano ni Ijumaa saa nne. Mtendaji, kijana anaitwa Benjamini, alikuwa ameniambia usoni, kwa adabu zote, "Mzee, leta karatasi. Bila karatasi hiyo ni hadithi."

Na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilitoka uani. Dada yangu Fransiska alikuwa anakwangua nta kwenye sufuria lake. Juzi Jumatatu ilikuwa Siku ya Marehemu, na nusu ya wafiwa wa mji huu huja kwake kuchukua mashada. Anakata karatasi, anaikunja kwa mgongo wa kisu mpaka ijipinde kama jani la ua, anafunga kwa uzi kwenye waya, kisha anachovya kwenye nta ya mishumaa iliyoyeyuka na kutia kwenye maji baridi. Ua la namna hiyo linakaa kaburini hadi mvua za pili. Nimemtazama miaka na miaka, sijachoka. Mkono wake ukishika mkasi hata mimi hunyamaza.

Ila wiki mbili hizo alikuwa ananijibu kwa kichwa tu.

"Dada, umegusa tranka?"

"Tranka nilishakatazwa. Hata vumbi lake lina jina."

"Kuna karatasi nne za zamani, zina alama za vidole."

Akaacha kukwangua. "Za wino wa zambarau."

"Hizo hizo."

"Hizo zilikuwa kwenye salfeti."

Hapo nikakumbuka. Wiki mbili nyuma niliona pikipiki moja imepita mbele ya nyumba yangu mara mbili, na aliyepakiwa nyuma nilimfahamu, ni wa ofisini. Nikajisemea, hawa wakija wataanza na tranka. Nani atatafuta kwenye taka? Nikazichukua zile karatasi nikazitia katikati ya madaftari yaliyoisha, ndani ya mfuko wa salfeti nyuma ya mlango. Mfuko ule ni wa Fransiska. Kila kisichofaa mimi hutupa humo, naye huchukua akafanyia maua. Nilikusudia kumwambia. Kesho yake nikasikia kule Kasesya mpakani kuna mtu wa ng'ambo anauza karabai ya zamani yenye kioo chake cha kwanza, nikaondoka. Siku tatu. Karabai nimeipata. Iko pale juu ya kabati, inanitazama.

"Ukazikata," nilisema.

"Karatasi za siku hizi hazinywi nta. Zile zilikunywa kama udongo. Na mistari ilinisaidia, nikakata mstari kwa mstari."

"Hukuona kwamba ni majina?"

"Kusoma najua, Adriano."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Mtu akitupa kitu unamuuliza nini?" Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia wiki mbili zile. "Niliona mwandiko ni wa Evaristi. Mama Edith alikuwa ameagiza shada kubwa la mumewe huyo huyo. Nikasema basi, arudishiwe vyake." Akachukua sufuria akaingia ndani.

Nilipata bodaboda pale kituoni nikamwambia anipeleke kijijini, makaburini, akaanza kunieleza habari za mvua, nikamwambia aendeshe. Upepo wa uwanda ule hauna mti wa kuuzuia. Pande zote mbili watu walikuwa wanasambaza matuta ya ntumba, yale ya majani yaliyofukiwa yakaoza kuwa mbolea, tayari kwa kupanda, na mbele yetu wingu limeinama jeusi. Kichwani nilikuwa nahesabu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Na kila nikihesabu nafika pale pale, kwamba shada likishabarikiwa na padri na kuwekwa, haliondolewi. Linaozea hapo hapo. Anayeliondoa amemvua marehemu nguo. Hili nimelijua kabla sijajua kusoma. Nimesimama mbele ya wakubwa wa kila namna, nimelala mahabusu mara mbili kwa sababu ya mdomo huu, wala sikutetemeka. Lakini makaburini nilizunguka mara mbili kabla ya kulisogelea.

Shada la Evaristi lilikuwa kubwa kuliko yote, limelazwa kifuani pa kaburi. Maua mekundu na ya bluu ya karatasi laini, na katikati yake meupe, makubwa, magumu. Nikachuchumaa. Nta ilikuwa imeifanya karatasi ipitishe mwanga kama kioo chenye ukungu. Kwenye kila jani la ua palikuwa na jina kwa mwandiko ule wa Evaristi uliolala upande, na kando yake dole la zambarau limekaa kama moyo wa ua. Nilikuwa nimezitazama karatasi zile miaka kumi na tisa na sikuwahi kuziona nzuri. Siku hiyo niliziona, na hilo likanikasirisha zaidi.

Nikanyoosha mkono.

"Mkono huo unakwenda wapi?"

Alikuwa Mama Edith, mjane wa Evaristi, amesimama na jembe begani. Shamba lake linapakana na makaburi.

"Shikamoo mama."

"Rudisha mkono kwanza, ndipo unisalimie."

Nikaurudisha. Nikamweleza yote, mpaka upuuzi wa salfeti, mpaka karabai. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kidogo, bila sauti.

"Wewe na ofisi mmeogopana mpaka umejifichia vyako mwenyewe."

"Mama, Ijumaa wanachukua ghala."

"Nimesikia. Kibati cha wino nilikishika mimi siku ile, usinifundishe. Shada halitoki."

"Sasa nitawaonyesha nini?"

"Kila mwaka unakuja hapa unatuambia watu wainuke, watu wainuke. Basi wainuke waje. Kutoka ghalani mpaka hapa hata uji haupoi."

Alhamisi mvua ilinyesha. Ile ya kwanza ya Novemba, yenye mawe. Nilizunguka mjini tangu asubuhi, sokoni, stendi, sokoni tena, kila tone likipiga bati mimi naona karatasi. Mwenye duka la mishumaa, bibi mmoja anaitwa Hamida, aliniuliza kama nimepoteza ng'ombe. Nikamuuliza nta inavumilia mvua kiasi gani. Akasema, "Muulize dada yako, mimi nauza tu." Dada yangu sikumuuliza.

Ijumaa ghala lilijaa. Benjamini alikuwa na meza, kitambaa cha meza, na daftari la mahudhurio. Si kijana mbaya. Ametoka mkoa mwingine, amepewa karatasi asome naye anasoma. Wanaowatuma watu wenye adabu wanajua wanachofanya.

"Shikamoo mzee Adriano. Karatasi imefika?"

"Haikufika. Iko kaburini kwa Evaristi, imeshakuwa maua."

Ghala zima likacheka, na mimi nikacheka nao kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

"Mzee wangu," alisema Benjamini, "ofisi haisomi maua."

"Hujaombwa usome. Njoo uone."

"Ajenda ina utaratibu wake. Tukianza kutembelea makaburi..."

Mama Edith alikuwa amekaa mbele, kwenye kigoda chake. Akasimama, akajifunga kanga, akakichukua kigoda akatoka nacho. Wakamfuata wanawake wawili, kisha wazee wa benchi la nyuma, kisha kelele za viatu kwenye sakafu, na mwisho tulibaki mimi, Benjamini na kitambaa cha meza.

"Mzee, umenifanyia nini?" aliniuliza polepole.

"Bado sijakufanyia. Twende."

Mawe ya mvua yalikuwa yameyapiga maua ya rangi mpaka yakavuja. Wekundu umetiririka kwenye udongo, bluu imebaki madoa. Meupe yalikuwa yamesimama. Watu walipiga magoti kwenye tope, wengine na suti za kanisani, wakayainamia bila kuyagusa.

"Huyu babu, yule aliyekuwa na jicho moja."

"Babu yako alikuwa na jicho moja lakini vitabu vya deni aliviona vyote."

"Tazama dole la Basil. Lile kovu la mundu, hili hapa limeukata wino."

"Mama yangu naye yumo? Wanawake walibonyeza?"

"Nani alichota maji ya tofali, wewe?" Mama Edith alisema kutoka kwenye kigoda. "Angalia ua la chini."

Benjamini alipiga picha kwa simu, ua moja moja, akiuliza kila jina ni la nani na ameacha nani. Nilimwona anavyobadilika, alianza amesimama, akamaliza amechuchumaa, suruali yake iliyonyooshwa imeloa magotini. Aliandika pingamizi. Makabidhiano yakasimamishwa hadi Ijumaa inayofuata, na wenye majina waje na vitambulisho vyao.

Kisha akageuza ukurasa. "Na wewe mzee? Mlalamikaji wa kwanza ni wewe. Baba yako yuko ua gani?"

Nikatafuta. Niliyapitia mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, mara ya tatu jani kwa jani. Majina thelathini na moja. Baba hayupo.

"Alikuwa ukurasa wa tatu," nilisema.

"Sikatai, mzee. Lakini naandika ninachokiona." Akaandika. Mimi niliyelitunza ghala lile kwenye tranka miaka kumi na tisa, nikawekwa kwenye orodha ya wageni: Adriano, mkazi wa Sumbawanga mjini.

Nilirudi nikiwa sina pa kuiweka hasira yangu. Ofisi ilikuwa imesikiliza. Wanakijiji walikuwa wameinuka. Kila nilichokuwa nakidai tangu ujana kilikuwa kimetokea mchana ule, nami nilitaka kupiga teke kila jiwe.

Fransiska alikuwa uani, jiko linawaka, anayeyusha makombo ya mishumaa. "Wamekwenda makaburini?" aliuliza.

"Wamekwenda. Pingamizi limeandikwa. Baba hayumo."

Hakushtuka. Alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha sala. Akakifungua katikati. Pale palikuwa na kipande cha fuluskepu kimekatwa umbo la jani, hakijakunjwa, hakijatiwa nta. Jina la baba. Dole la baba, limebonyezwa kwa nguvu mpaka wino umetoka pembeni, kama alivyofanya kila kitu.

"Nilipofika mstari huu mkasi ulinigomea," alisema. "Nikasema, Adriano anahifadhi vikombe vya watu vilivyotoboka, halafu baba amemtupa kwenye salfeti. Nilingoja uulize. Siku moja, siku mbili. Ukaja na taa."

"Nilimficha, dada. Sikumtupa."

"Aliyefichwa kwenye taka na aliyetupwa wanaonaje tofauti?"

Nikanyoosha mkono nichukue kipande kile, nikitie kwenye tranka, safari hii chini kabisa, ndani ya shati. Akafunga kitabu.

"Tranka hapana. Tumeshaona unavyotunza."

"Ijumaa naulizwa baba yangu yuko wapi."

"Utawaambia yuko kaburini kwake, hatua ishirini kutoka kwa Evaristi. Wameshaijua njia." Akavuta kigoda kingine kwa mguu. "Kaa. Shika waya."

Nikakaa. Aliukunja mstari ule wa baba kwa mgongo wa kisu, taratibu, mpaka ukajipinda, dole likabaki ndani. Akazungusha uzi mara tano, kisha akanipa mimi nichovye. Sikuwahi kuchovya. Nilizamisha ua mpaka waya, nikazamisha na kidole, nikauma meno. Karatasi ilibadilika mbele ya macho yangu, ikapitisha mwanga, na zambarau ikawaka.

Nilipolitia ua kwenye maji, nta ilikuwa imeganda kwenye dole gumba langu. Nikaibandua. Ilitoka nzima, kama kofia ndogo, na ndani yake mistari yote ya kidole changu imejichora. Nikaishika juu ya mwanga niitazame, nikiwaza tranka.

Fransiska aliichukua mkononi mwangu akairudisha kwenye sufuria. "Usianze," alisema. "Nipe uzi."