Mkamwana wa Mionzi

Anatoli hakupenda namna mgeni alivyokaa. Mzee Ndassa, baba wa bwana harusi Pius, alikuwa ametoka Nyantakara hadi Kasulo kuzungumzia harusi, kisha akahamishia kigoda upande upepo unakotoka, mbali na bibi harusi mwenyewe, binti wa Anatoli. Joyness alipopiga goti kumwamkia, mzee aliitikia marahaba akiangalia migomba.

Maneno yalikuwa yamemfikia: mkamwana anafanya kazi ng'ambo kwenye mashine ya mionzi, na mionzi hukausha kizazi. Ndassa hakupindisha. Alitoa kibuyu cha maziwa. Kwao Usukumani, Shinyanga alikozaliwa, aliyetoka kunyunyiza dawa ya pamba hunywa maziwa kwanza, sumu imtoke, ndipo akaribie watu.

"Anywe," alisema. "Akikataa, ng'ombe wangu wa mahari wabaki zizini."

Anatoli alisimama. Binti yake hakuwa bomba la dawa, na maneno ya kumfukuza mgeni yalishafika ulimini. Lakini Joyness alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa taratibu, akafuta mdomo.

"Matamu, baba. Ila hayana sumu ya kutoa."

Akamweleza. Mashine yao inarusha viini vya atomu, vingine vinazaliwa na kufa kabla hujafumba jicho. Inabidi vikimbizwe, vipimwe vikiwa bado hai. Nguvu yake ilikuwa ndogo, hivyo sasa imezimwa, wanaiongezea msukumo. Ikiwaka, yeye hukaa nyuma ya ukuta wa zege mnene kuliko upana wa chumba, na kifuani huvaa kipimo cha mionzi.

"Kama kumbikumbi," Ndassa alisema. "Ukizubaa, wameshadondosha mabawa."

"Hasa, baba."

"Na kizazi?"

"Mwenzangu wa zamu ana watoto watatu. Kila akibeba mimba, wanamhamishia ofisini mpaka ajifungue."

Ndassa alihesabu kwa vidole. Watatu haikuwa idadi ya kujivunia kwa Wasukuma, lakini ilikuwa mwanzo.

"Itawashwa lini hiyo mashine?"

"Januari."

"Basi harusi iwe Desemba, ingali imelala."

Anatoli alitaka kumwambia mzee kwamba hajaelewa kitu. Akamtazama binti yake, akaona anatabasamu mpaka machoni. Desemba ndizi za pombe zingekuwa zimekomaa. Akaketi, akamwita mkewe Verediana alete chakula, na nyama ya kuku isipunguzwe.