Gombaud Achelewa Kufa

Mzee Gombaud alikuwa anakufa tangu mavuno ya shayiri, na mkewe Hersent alikuwa anamkataza.

"Si wiki hii," alimwambia kila Jumatatu, akimgeuza ubavu kama mkate tanurini. "Ukifa leo, Moreta anakwenda ngomeni."

Moreta ndiye ng'ombe wao, mweusi, pembe moja imepinda, na alikuwa na mimba. Desturi ya bonde lile hata watoto waliijua: mwenye nyumba akifa, bwana wa ngome huchukua mnyama aliye bora zizini kabla maiti haijatoka mlangoni. Na zizi la Gombaud halikuwa na cha kuchagua. Alikuwamo Moreta, na kuku mmoja ambaye hata mbweha alishamkataa. Bila maziwa na jibini, Hersent angemaliza baridi ile akitafuna kamba za viatu.

"Bwana naye yuko kitandani," Gombaud alisema. "Nani mahututi zaidi, mimi au yeye?"

"Yeye ana waganga watatu."

"Basi atatangulia. Na wanawe hawapikiki chungu kimoja. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime."

"Wewe kijiko tu kinakushinda, jembe utaliweza?"

"Basi wewe shika ndoo."

Hersent akamfuta kidevu. Miaka arobaini mwanamume huyu alikuwa mtu wa kuchelewa. Alichelewa harusini kwake mwenyewe, akakuta wageni wamemaliza bata. Alichelewa siku za kulima shamba la bwana, akachapwa. Sasa ndiyo kwanza kuchelewa kwake kunapata kazi ya maana.

Bwana mzee alikufa siku moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martini. Mazikoni wanawe wawili walisukumana, kila mmoja akitaka kutangulia nyuma ya jeneza. Mchana Foulques akajifungia mnarani, Aubri akashika kinu na daraja, na kila mmoja akajiita bwana.

Hersent alirudi mbio, viatu vya mbao vikimgonga visigino.

"Wamegombana."

"Vizuri?"

"Aubri kapigwa na kinara cha mshumaa."

Gombaud akacheka mpaka akakohoa. Aliomba maziwa, akanywa mafunda mawili matatu, akashika kidole kidogo cha mkewe kama alivyozoea wakienda gulioni.

"Ukilia, lia kwa sauti," alisema. "Wasikie wote wawili."

Kulipopambazuka alikuwa ameshakwenda. Hersent alilia kwa sauti, wala hakuhitaji kuigiza.

Kabla ya adhuhuri wakaja wanyapara wawili, kila mmoja na kamba yake: Renier mnene wa Foulques, na Thibert mwembamba wa Aubri. Majirani walikuwa wamejaa uani, kofia mikononi.

"Pole, mama," alisema Renier. "Bwana Foulques anataka haki yake."

"Bwana wa ardhi hii ni Aubri," alisema Thibert, na kuishika pembe iliyopinda. Renier akaishika ile nyingine.

"Wanangu, mjane kama mimi najua nini," Hersent alisema, akifuta macho kwa aproni. "Mwenye kumchukua ng'ombe ndiye bwana, si ndivyo? Haya, mmoja amwachie mwenzake, watu hawa wakatangaze."

Hakuna aliyeachia. Mkono wa Thibert ukaanza kutafuta kisu.

"Msimwage damu mbele ya marehemu wangu. Fungeni kamba zenu zote mbili, ng'ombe akae hapahapa mpaka mabwana wapatane. Hapo nani atasema kashindwa?"

Wakatazamana. Wakafunga.

"Na nani atamlisha?" aliuliza Renier.

"Nitajikaza," alisema Hersent, akishusha pumzi kama aliyetwishwa jiwe la kinu.

"Na maziwa?"

"Asipokamuliwa ataugua kiwele. Mtamjibu nini bwana?"

Moreta alizaa ndama jike kabla ya theluji. Ndugu wale walipigana vipupwe tisa, na kila Mtakatifu Martini wanyapara walikuja kukagua kamba. Walipoondoka, Hersent alikwenda makaburini na bakuli la maziwa, akaketi kwa Gombaud.

"Kamba zimeoza, nimewasokotea mpya," alimwambia mwaka wa nne. "Renier kala jibini mara tatu, anakusalimu. Kuku wako yule bado yupo. Sogea kidogo, nipate pa kuegemea."