Ndama Asiye na Mnunuzi

Koleta aliisoma sentensi ile akadhani macho yamemdanganya. Akamhamisha mtoto kwenye titi la pili, akaisoma tena. Katika rasimu ya taarifa ya fedha ya nusu mwaka, mhasibu Juvenali alikuwa ameandika kwamba filamu ya ndama haina thamani tena, na gharama zake zote zihesabiwe hasara.

Filamu ya ndama ilikuwa yake. Yeye ndiye mchoraji mkuu wa Imbogo Katuni, kampuni ndogo iliyopanga vyumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale Ngara mjini. Ndama anajifunza kuvuka mto Ruvubu, anaogopa, anarudi, anajaribu tena. Kila mwendo wake Koleta aliuchora kwa penseli huku akimtazama binti yake Kezia akitambaa mkekani. Kezia akipepesuka, ndama anapepesuka. Leo mtu amekaa na kikokotoo chake anasema hapo hapana kitu.

Aliingia kwa mhasibu bila kubisha hodi. Akamwambia alivyomwona, kwamba ni mtu mkavu, kwamba hajawahi hata kuitazama hiyo filamu anayoiua. Juvenali alimwacha amalize.

"Mama Kezia, sijasema huchori vizuri," alisema. "Nimesema hatuna wa kumuuzia."

"Na yule wa Kigali?"

Juvenali akaweka kalamu chini. "Kumbe hawajakwambia."

Mnunuzi wa Kigali alikuwa amejitoa tangu Mei. Barua pepe ilimfikia mkurugenzi wao, Wiston, naye akamwagiza Juvenali anyamaze, filamu ibaki kwenye taarifa kama mali yenye thamani ya gharama zake zote, kana kwamba mteja yupo. Juvenali alikataa. Taarifa ya nusu mwaka, alimweleza Koleta, inasema yaliyojulikana hadi mwisho wa Juni. Jambo la Mei huwezi kulifunika na kungoja Desemba. Lakini Wiston alikwisha kuandika ya kwake, na hiyo ndiyo wanahisa wangesomewa Jumamosi kabla ya kuuziwa hisa mpya.

Hasira ya Koleta haikuisha, ilihama tu. Juni nzima Wiston alikuwa akipita nyuma ya viti vyao akisema Kigali wanasubiri, ongezeni mwendo. Kuna siku Kezia alichemka homa, naye akamwacha kwa jirani ili amalizie miguu ya ndama majini. Kumbe hakuna aliyekuwa akisubiri.

Alimkuta Wiston akinywa chai. Alipomuuliza habari ya Kigali, hata hakukana.

"Tulia, Koleta. Hisa zikiuzwa, unamalizia filamu yako. Ikisomwa ile ya Juvenali, tunafunga milango, na ndama wako anabaki hivyo hivyo katikati ya mto." Akapuliza chai. "Watu wenyewe wana moyo. Shangazi yako Rozina wa Mabawe ameahidi kuuza ng'ombe wawili."

Shangazi Rozina ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemlipia masomo ya jioni wakati wengine wakisema msichana aliyekwisha kuzaa anasomea nini. Koleta alitoka bila kuaga, maana angebaki angemmwagia ile chai.

Jumamosi wanahisa walijaa ukumbini, wakulima wa kahawa na migomba kutoka Mabawe na Nyakisasa, na walimu wachache. Wiston alisoma kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye filamu, akaitaja kuwa mali kubwa kuliko zote za kampuni. Watu wakapiga makofi. Koleta akasimama, mtoto mgongoni.

"Mnunuzi wa Kigali alijitoa Mei," alisema. "Bosi alijua. Hiyo mali mnayosomewa haipo."

Ukumbi ukavuma. Wiston alitabasamu, akawaomba watu wamvumilie dada yetu. Yeye ni wa penseli, mambo ya hesabu hayajui, na kulea mtoto kunachosha. Wachache wakacheka. Ndipo Shangazi Rozina akainuka, akajifunga kitenge upya taratibu.

"Wiston, habari za uchovu wake sikukuuliza. Huyo mtu alijitoa, hakujitoa?"

"Mama, kuna mazungumzo bado yana—"

"Alijitoa, hakujitoa?"

Wiston akatazama karatasi zake. "Alijitoa."

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia sauti nzuri. Wakamwita Juvenali asome ya kwake, naye akaisoma yote, pamoja na sentensi ile. Koleta aliisikiliza kama mtu anayesomewa msiba wake mwenyewe. Hisa hazikuuzwa.

Nje ya ukumbi alimwamkia shangazi yake. Rozina akaitika marahaba, akamchukua Kezia, kisha akauliza huyo ndama mwenyewe yukoje, maana wamegombana juu yake asubuhi nzima na hakuna aliyemwona. Koleta akafungua kompyuta yake mpakato juu ya ukuta mfupi. Ilikuwa michoro ya penseli tu, haijatiwa rangi. Ndama akaingia majini, akapepesuka, akarudi mbio. Rozina alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Yewe, ni huyu huyu," alishangaa, akimtazama mtoto. "Nitauza ng'ombe mmoja. Si wawili. Mmoja tu, umalizie."

Ingekuwa rahisi sana kwa Koleta kusema asante.

"Hutauza hata mmoja," alijibu, kwa ukali ambao hajawahi kumtolea shangazi yake. "Kwanza nipate mnunuzi. Jumatatu naanza kumtafuta mwenyewe, na nikimpata utaiona karatasi yake kwa macho yako kabla hujafungua zizi."

Rozina alimkazia macho, kisha akampa mtoto.

"Haya. Basi acha kunifokea, uniletee hiyo karatasi."