Hukumu ya Mwisho ya Sultani Mubkhut

Sultani Mubkhut bin Faraj alikuwa ananyolewa ndevu siku utawala wa ukoo wake ulipokwisha. Upande wa kulia ulikuwa tayari. Wa kushoto bado.

Ukoo wenyewe, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuucheka. Babu yake alirudi Hadhramaut kutoka jeshini India na mzinga mmoja na tufe moja. Akalenga lango la ngome, akapiga choo. Mtawala wa wakati huo alikuwa humo ndani. Akatoka mbio, nchi akaiacha. "Sisi tumetawala miaka tisini kwa shabaha mbovu," Mubkhut alizoea kuwaambia wageni. "Babu alijenga kasri, baba akalipaka chokaa, mimi nimekuja kulikalia."

Sasa, mwaka 1967, mbele yake walisimama vijana wanne wenye bunduki. Kiongozi wao, Yuslim, alikuwa mwalimu wa hesabu. Sultani ndiye aliyempeleka Aden kusoma.

"Ami, utawala umekwisha. Nchi ni ya wananchi."

"Mmekuja wangapi?"

"Wanne."

"Wanne tu? Mwanangu, hata kunizingira kidogo? Walinzi wangu wako wapi?"

"Wametufungulia lango."

"Wote wawili?"

Mkewe, Muzna, akachungulia na bunda la nguo kichwani. "Baba Faraj, acha maneno, malizia hizo ndevu! Unakwenda uhamishoni nusu mtu nusu beberu?"

Lori likiwa linapakiwa mizigo, wakaingia Salmin na Karama, majirani, wakivutana na mbuzi. Ilikuwa Jumatano, siku ya mashauri, na habari za mapinduzi zilikuwa hazijawafikia. Mbuzi wa Karama alikula majani ya Salmin. Salmin akamfungia zizini mwake, mbuzi akazaa humo. Mtoto ni wa nani?

Mashauri ya namna hii Sultani alikuwa akimwachia karani, yeye anasinzia. Leo hakuwa na pa kuwahi. Akauliza, akasikiliza, akauliza tena. Mwisho akasema, "Mtoto ni wa Karama. Salmin atakamua maziwa mwezi mzima, fidia ya majani yake."

Karama akawatazama vijana wenye bunduki. "Maulana, kwani wewe bado ni sultani?"

"Tangu asubuhi, hapana."

"Basi hiyo si hukumu, ni maoni."

Wakamgeukia Yuslim. Yuslim, jasho likimtiririka, akarudia hukumu ileile neno kwa neno. Salmin akambusu bega. "Mungu akuweke! Akili kama hizi tumezikosa miaka tisini!"

Sultani alicheka mpaka akakaa chini. Yuslim hakucheka. Alimsindikiza hadi kwenye lori, akainama kumnong'oneza, "Nisamehe, ami. Sikuwa na jibu lingine."

"Ungelipata wapi? Mimi mwenyewe limenichukua miaka ishirini."

Lori likaondoka. Mitende ilipolificha kasri, kicheko kikamkauka, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Unalilia kasri?" Muzna akauliza. "Lilikuwa linavuja."

"Silii kasri," akasema. "Nalilia ile kazi. Nimeijua leo."

Muzna akamsogelea, mpaka mabega yao yakagusana, na wakakaa hivyo mpaka pwani.