Samhla ya Lachlann

Kwetu huku kisiwani Cape Breton kuna neno moja la wazee ambalo Oighrig mfumaji halikumkauka mdomoni. Samhla. Ukimpelekea sufu akufumie blanketi, swali lake la kwanza ni, "Samhla yake iko wapi?" Hapo anataka kipande cha kuigia mistari. Picha ya marehemu mumewe ukutani ilikuwa samhla. Padri akihubiri habari za mpanzi na mbegu, hiyo nayo samhla. Binti yake Seonag akinuna, Oighrig husema, "Mtazameni, samhla ya bibi yake, Mungu amrehemu, na mdomo ni ule ule." Na akitaka kumkata mtu maini alisema kwamba fulani hana samhla kwa uvivu, toka hapa mpaka Boston.

Ilikuwapo maana nyingine, na hiyo hakuitaja bila kupiga ishara ya msalaba. Mtu akionekana mchana kweupe mahali asipokuwepo, kimya, nguo zinachuruzika maji, hiyo ni samhla. Mwenyewe yuko kwingine, amekwisha kufa au anakata roho.

Oighrig hakuipata kwenye hadithi za mekoni. Aliiona kwa macho yake. Miaka minane nyuma, mwezi wa Novemba, mumewe Ruairidh alisimama mlangoni saa nane mchana, ameloa chapachapa, hasemi neno. Oighrig alikuwa na mimba ya Seonag imemfika kidevuni, miguu imemvimba, hana subira. Akamwambia kama mke yeyote angemwambia mumewe, "Umesimama nini hapo kama mwizi? Ingia ubadili nguo." Akageuka kutafuta shati kavu. Aliporudi hapakuwa na mtu, wala tone la maji kizingitini. Jioni wakaja kumwambia mashua imepinduka. Na kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka, mtoto wao Iain, wa mwaka mmoja, alikabwa na kikohozi, akafa.

Shangazi ya mumewe, Raonaid, ajuza mwenye ulimi wa wembe, ndiye aliyemwambia matangani, mbele ya watu wote.

"Uliikaribisha, wewe. Uliiambia ingia. Basi iliingia, na haikutoka mikono mitupu. Samhla haisemeshwi wala haifunguliwi mlango. Unaipa mgongo, unasali, mpaka iende zake."

Mwingine angemwambia yule bibi afunge mdomo, msiba hauna mwalimu. Oighrig alikuwa na kaburi dogo la kwenda kulitazama kila Jumapili, na ukilitazama kaburi la mtoto huna la kubisha. Maneno yale aliyameza, yakamkaa.

Sasa ulikuwa mwezi wa Machi. Lachlann, kifungua mimba, alikuwa na miaka kumi na tisa, mabega yanajaza mlango, na utani hauishi. Seonag alikuwa na minane, na siku ya tatu hiyo alikuwa kitandani kando ya jiko, anakohoa kikohozi kile kile cha kubweka. Daktari yuko ng'ambo ya ziwa. Kila majira ya baridi wanaume huchomeka matawi ya msonobari juu ya barafu, moja kila hatua mia, kutoka ukingo huu mpaka ule, na hiyo ndiyo barabara. Ukiyaacha matawi hayo, shauri yako. Lakini ikifika Machi, barafu huoza kwa chini huku juu inakuchekea, na watu wenye akili hukaa nyumbani.

"Nakwenda," Lachlann alisema asubuhi, anafunga viatu.

"Barafu imeoza."

"Mama, nikikaa hapa namsikiliza anavyokoroma nitapata kichaa. Nitarudi na dawa kabla hujamkamua ng'ombe."

"Usiyaache matawi."

"Niyaache niende wapi, dansini?"

Akamvuta Seonag sikio, akatoka. Oighrig hakumzuia tena. Yule mgonjwa alikuwa amegeuka rangi midomoni, naye mama mtu aliona ni afadhali ahatarishe mmoja kuliko kukaa kumtazama mwingine akifa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Ilipogonga saa tisa, upepo ulikuwa unapiga theluji ukutani kwa mafungu. Oighrig alikuwa ameinama juu ya kitanda na birika la maji ya moto, anampa mtoto mvuke avute. Aliinua kichwa kupumzisha mgongo, akamwona Lachlann dirishani.

Hakuwa na kofia. Nywele zimegandamana kwa barafu, uso rangi ya mshumaa, mikono inaning'inia tu kama si yake. Mdomo ulikuwa wazi kidogo na hautoi sauti. Nguo zilizomloa zilikuwa zimeganda, zimesimama zenyewe. Alikuwa anamtazama mama yake. Walitazamana hivyo, macho kwa macho, muda wa kutosha mtu kusema jina la mwenzake.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wazo la kwanza la Oighrig lilikuwa, mwanangu amekufa. La pili likaja juu ya visigino vya lile la kwanza: amekuja kumchukua Seonag. Hakupiga yowe wala hakutamka jina. Alivuta pazia, akageuza mgongo, akasimama kati ya dirisha na kitanda na mikono ameitandaza, akaanza Baba Yetu. Alisali mpaka maneno yakampotea, akawa anarudia "utuokoe, utuokoe" basi.

Alipokoma, palikuwa na upepo tu na pumzi ya mtoto inayokwaruza. Alifunua pembe ya pazia. Hapakuwa na mtu. Lakini kwenye kioo, usawa wa mdomo wa mwanamume mrefu, palikuwa na duara la ukungu. Alilifuta kwa mkono wa gauni. Halikufutika. Lilikuwa upande wa nje, na pembezoni limeanza kuganda.

Samhla haipumui. Kitoto cha Cape Breton kinalijua hilo kabla hakijajua kufunga viatu.

Alikwenda mlangoni akashika komeo. Akafikiri, kama ni yeye. Akafikiri, na kama siye. Nyuma yake Seonag akashikwa na kikohozi kirefu, cha mtu anayezama, na Oighrig aliliachia komeo akamkimbilia mtoto. Mtoto alipotulia, akarudi mlangoni mara ya pili. Akashika. Akilini akamwona Iain mdogo akiwa amevikwa nguo nyeupe za kuzikiwa. Akaliachia tena, akaketi sakafuni akiegemea ule mlango. Alipokuja kuzinduka, birika lilikuwa limekauka maji, linanuka chuma.

"Shemeji, fungua, ni mimi."

Ilikuwa sauti ya Gilleasbuig Fidla, binamu ya marehemu Ruairidh na jirani wa karibu, mtu anayetania hata makaburini. Oighrig alifungua. Siku hiyo Gilleasbuig hakuwa na utani. Kiganjani alishika kofia ya Lachlann.

"Kaa chini, shemeji."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Kwenye tawi la tano, kutoka ukingo wetu, barafu imefunguka. Kofia ilikuwa pembeni mwa shimo. Nimeita mpaka koo limekauka."

"Najua," alisema Oighrig. "Samhla yake imekuja. Ilisimama hapo dirishani ikanitazama."

Gilleasbuig alilitazama pazia, akamtazama mtoto. "Ulifungua?"

"Sikufungua."

"Umefanya vema," alisema, akashusha pumzi. "Aliyekwenda amekwenda. Una huyu wa kumlinda."

Oighrig alitaka kumwambia habari za kioo. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Angelisema, angekuwa amesema na yote yaliyofuata: komeo, na mara ngapi alilishika, na birika. Bandani ng'ombe wao, Blàrag, alianza kulia, maana saa ya kukamuliwa ilikuwa imepita zamani.

"Kaa na mtoto," Gilleasbuig alisema. "Nitamkamua mimi. Mikono hii imezoea fidla, labda atacheza."

Akachukua ndoo na taa, akatoka. Hazikupita dakika mbili, Oighrig akasikia ndoo inaanguka na Gilleasbuig anamwita kwa jina lake, Oighrig, si shemeji. Aliruka bila shali.

Lachlann alikuwa amelala kwenye nyasi kavu, amejibana tumboni mwa ng'ombe, magoti kifuani. Mlango wa banda ule ulisukumika kwa bega, hauhitaji vidole. Blàrag hakuwa amesogea. Kijana alikuwa hai. Alikuwa anapumua pumzi ndogo ndogo, na ndani ya shati, kwapani, amebana chupa ya dawa isigande.

Oighrig alianguka juu yake, akamsugua, akamwita majina yote aliyompa tangu anyonye. Alipoinua macho, Gilleasbuig alikuwa mlangoni, taa ameiinamisha. Alikuwa anatazama chini. Kutoka dirisha la nyumba mpaka mlango wa nyumba, na kutoka mlango wa nyumba mpaka banda, nyayo za mtu anayeburura miguu zilikuwa zimejipanga kwenye theluji, pale ambapo ukuta uliukinga upepo. Aliziangalia zote. Kisha akamwangalia Oighrig. Alizikanyaga kwa viatu vyake, akienda na kurudi, taratibu, mpaka pakawa theluji iliyovurugika tu.

"Mshike miguu," alisema. "Mimi nitamshika mabegani."

Mpaka anazikwa, Gilleasbuig hakuwahi kuligusa jambo lile, hata akiwa amelewa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Dawa ilimfaa Seonag, akapona. Lachlann alipoteza vidole vya mguu wa kushoto na viwili vya mkono. Nyumba ikajaa watu, kila mmoja na mkate wa shayiri au samaki wa chumvi, na Raonaid akakalishwa karibu na jiko kama malkia. Yeye hakuwa mtu wa kuacha swali lipite.

"Haya, mjukuu wangu. Umetoka majini, umetembea mpaka hapa. Mbona ukaenda kulala na ng'ombe, nyumba ya mama yako unaipita?"

Lachlann alikuwa anatazama dari. Midomo yake ilikuwa imepasuka, kwa hiyo alisema polepole.

"Sikuiona nyumba, bibi. Theluji ilinifumba macho. Nilifuata sauti ya ng'ombe."

"Hata taa hukuiona?"

"Hata taa."

Oighrig alikuwa anamimina chai. Alimimina mpaka ikafurika kisahani ikamwagikia meza, na Raonaid akamgombeza.

Oighrig alingoja siku watakapobaki wawili, yeye na Lachlann, mwanawe amwambie ukweli. Walibaki wawili mara nyingi. Lachlann aliomba chumvi. Alishukuru kwa soksi. Alisimulia vichekesho na Seonag akacheka. Angemtukana, angalau mama mtu angepata pa kuanzia kulia. Wema ule ulimnyima hata hapo. Usiku alisikia pumzi za wanawe wawili chumba cha pili, akawa anazihesabu, na hakupata raha.

Aprili, Lachlann alianza kutoka na fimbo. Siku ya kwanza, aliporudi, alisimama langoni mwa uzio, akavua kofia, akaita kwa sauti.

"Mama, ni Lachlann. Niko hai."

Ndipo akaingia.

Oighrig alidhani ni mzaha, akajilazimisha kucheka. Kesho yake akaita tena. Na kesho kutwa. Alipopata kazi ya kutengeneza viatu kijijini, aliita kila jioni. Mvua, jua, mbu, alisimama langoni, kofia mkononi, akatangaza jina lake na uhai wake, akangoja kidogo, akaingia. Vijana dukani wakaufanya wimbo. Mtu akija kununua tumbaku anasema, "Ni mimi, niko hai," wote wanaangua kicheko. Seonag akakua, akaolewa, na wanawe wakawa wanaigiza mjomba langoni. Oighrig aliacha mlango wazi hata mwezi wa Januari, moto wote unatoka nje, ili mwanawe asiwe na mlango wa kuogopa. Aliita vile vile.

Ikapita miaka ishirini na miwili. Raonaid alikufa, Gilleasbuig akafa. Oktoba moja Oighrig, macho bado mazima, alikuwa ameketi nje anachambua sufu, karibu na lango kiasi cha kuweza kuligusa. Lachlann akaja, anachechemea, nywele zimeanza mvi. Alisimama hatua mbili kutoka kwa mama yake. Akavua kofia.

"Mama, ni Lachlann. Niko hai."

"Nakuona," alisema Oighrig. Sauti ilimtoka kavu. "Niko mbele yako, mwanangu. Nakuona. Si lazima kuniita."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Lachlann aliigeuza kofia mikononi, kwa vile vidole vilivyobaki. Hakuwa na hasira. Oighrig aliitafuta usoni pake, maana angeipokea kama zawadi, hakuiona.

"Siku ile ulinitazama dirishani," alisema. "Sikuweza kutoa sauti. Wewe hukujua kama ni mimi. Ungejua ni mimi mzima, ungefungua. Kwa hiyo nakuambia, mama. Basi tu. Ili ujue."

Sufu ilimwanguka Oighrig mapajani. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameomba Mungu ampe nafasi ya kusema habari za kile kioo na komeo, na nafasi ndiyo hiyo, imesimama langoni na kofia mkononi. Alifungua mdomo. Akamtazama mwanawe aliyejenga maisha yake yote juu ya jambo moja hilo, kwamba mama yake hakujua.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Ningefungua."

Lachlann aliitikia kwa kichwa. Akavaa kofia, akampita, akaingia ndani kutafuta chai.