Zege la Mwenyekiti Gaspar

Mwenyekiti Gaspar hakuwa na gari. Alilisema hilo kila mkutano wa tawi, mkono kifuani, na watu wa mtaa wake kule Kinondoni walimwamini kwa kuwa walikuwa wapole, au walikuwa na foleni za kuwahi. Kiongozi wa umma na teksi ya biashara, wapi na wapi? Azimio la Arusha lilikataza. Ila mtu huyohuyo asiye na gari alimwaga zege safi kutoka getini mpaka barazani. Labda lilikuwa la kupitishia kuku.

Teksi ilikuwepo, bwana. Iliandikwa jina la shemeji yake, Romani, na kila usiku ilikuja kulala hapo na kuvujisha oili. Doa lake lilikuwa jeusi, pana kama sinia la pilau.

Jumamosi moja asubuhi Eufrazia, mkewe, alirudi bombani mbio, ndoo tupu.

"Baba Anjelina, wajumbe wa wilaya wanakagua nyumba za viongozi! Wako mtaa wa pili!"

Gaspar akatoka mbio hadi barazani. Doa lile lingemvua uenyekiti kabla ya adhuhuri. Akalimwagia mchanga, mchanga ukanywa kidogo, ukashiba. Akaleta mafuta ya taa. Akili nyingi huondoa maarifa: doa likatanuka mpaka kwenye ngazi.

"Unalisafisha au unalilisha?" Eufrazia akauliza.

"Lete sabuni."

"Ipi?"

"Unaijua!"

Aliijua. Miezi miwili hiyo sabuni ilikuwa haionekani, watu wakifulia majani ya mpapai. Jumatatu iliyopita Gaspar, ambaye ndiye aliyesimamia duka la ushirika, aliwatangazia akina mama waliopanga mawe ya kushikia nafasi kwenye foleni tangu alfajiri kwamba mgao haujafika. Haujafika dukani, hapo hakusema uongo. Ulifika uvunguni mwa kitanda chake, katoni tatu za sabuni ya unga.

Katoni nzima ikamwagwa, maji ya moto juu yake. Gaspar akapiga magoti, akasugua kwa brashi kama analipwa. Loo, oili ikaachia! Zege likaanza kutakata, na moyo wake nao ukatulia. Alikwisha kuandaa na jibu: gari gani tena, ndugu zangu? Hakuangalia povu. Povu lilishuka na mteremko, likapita chini ya geti, likaingia mtaani bila kuomba ruhusa ya tawi.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Aliponyanyua kichwa, alimwona jirani yake Mwamvita kachuchumaa nje ya geti, anachota povu kwa bakuli na kulitia kwenye beseni. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wengine tisa na mabeseni yao. Na nyuma ya mabeseni, wajumbe wa wilaya, Mzee Sadallah mbele, faili kwapani.

"Shikamoo, mzee," Gaspar akasema, povu limemfika viwikoni.

"Marahaba. Ndugu Mwenyekiti, sabuni yote hii umeitoa wapi?"

Ulikuwa mwaka wa msako wa walanguzi. Watu walikuwa wakilala ndani kwa mifuko miwili ya sukari. Gaspar aliiona jela waziwazi, na hofu ikamtoa akili.

"Mzee, mie si mlanguzi! Haki ya Mungu, sikuificha niuze! Ni ya kutolea oili ya teksi yangu tu!"

Eufrazia akajifunika uso kwa kanga. Mzee Sadallah akafungua faili, akaandika kuhusu sabuni, kisha akaandika kuhusu teksi. Hakuwa na haraka.

Mwamvita akasimama, beseni kiunoni.

"Jumatatu nilikujia na mtoto, mgongo wote upele. Ukaniambia nivumilie kwa ajili ya taifa." Hakupaza sauti. "Haya, sugua, Mwenyekiti. Povu linakwisha."

Gaspar akamtazama Mzee Sadallah amtetee. Mzee Sadallah akafunga faili, akasogea pembeni kuwapisha wanawake wenye mabeseni.

Gaspar akashika brashi, akasugua.