Sauti ya Tatu

Gunnvor alikuwa mbishi, na kupiga kinanda cha kanisa kulimzidishia ubishi. Kwake sauti iko mahali pake au haipo. Ndiyo maana siku ya mazoezi, moja kabla ya kumzika dada yake Åsne, alikatiza wimbo na kumgeukia Halvor, mume wa marehemu.

“Shemeji, hiyo sauti ya tatu, hiyo mi, imeshuka. Ipandishe kidogo.”

“Haijashuka. Hapo ndipo ilipo.”

“Kinandani hakuna hapo, ni katikati ya vibao viwili.”

“Basi kinanda chako kina mapengo kama mdomo wangu.”

Gunnvor alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikamkauka. Åsne aliomba jambo moja tu kabla ya kufumba macho: wimbo wa harusi yake upigwe kwa fidla ya mumewe na kinanda cha dada yake, pamoja, kanisani humu. Na kabla ya siku hiyo Halvor hakuwa amekanyaga humu tangu ujana wake, wazee walipomzuia mlangoni kwa sababu ya fidla, wakiiita chombo cha shetani.

“Watu watasema umekosea,” Gunnvor akambembeleza.

Halvor akairudisha fidla kwenye kasha. “Nikiinyoosha sauti hiyo, Åsne hataijua. Kapige peke yako.”

Siku ya maziko alikuja na kasha lake, akaketi karibu na jeneza, kasha limefungwa magotini. Gunnvor alimwona kwenye kioo kidogo kilichoning'inia juu ya kinanda. Mchungaji akamaliza sala. Zamu yao ikafika, na Halvor hakusogea.

Gunnvor akaondoa mikono kwenye vibao. Kwa mguu akakanyaga kibao cha miguuni, sauti moja nene, ya chini kabisa, akaiacha ivume.

Halvor aliinua kichwa. Fidla ya kwao ina nyuzi za chini ambazo upinde hauzigusi. Huvuma zenyewe zile za juu zikipigwa. Alisikiliza kidogo: mvumo kama wa nyuzi hizo, na sauti ya tatu ameachiwa yeye. Akafungua kasha.

Sauti ya tatu ikaja palepale pake pa siku zote, na ule mvumo ukaibeba bila ugomvi. Upinde uliposhuka, nyuzi za chini ziliendelea kulia. Gunnvor hakuinua mguu mpaka zikaisha. Machozi yalikuwa yamemlowesha shingo.

Mlangoni, Halvor alimngoja kwenye theluji.

“Mikono yako ilikuwa wapi, shemeji?”

“Niliikalia,” alisema Gunnvor. “Isije ikakusahihisha.”